Mji wa Bwana Salim

Siku ya pili ya matanga ya Shangazi Rukia, binti yangu Salma alinifuata jikoni nikipakua wali, akaniuliza swali alilokuwa amelishika tangu asubuhi. Tulikuwa tumefika Amu, yaani Lamu, kutoka Mombasa siku ya maziko yenyewe. Yeye ana miaka kumi na mitano na hakumjua marehemu sana, kwa hiyo alikuwa amebeba pleisteshoni yake kwenye begi akitumai kuiunganisha na televisheni ya pale nyumbani. Aliikuta televisheni imefunikwa leso, fundo limefungwa nyuma, na wakongwe wawili wameketi mbele yake na misahafu. Lakini kompyuta yangu ilikuwa wazi juu ya meza ya chumba cha ndani na hakuna aliyeinung'unikia. "Mama, mbona yangu ni haramu na yako si haramu?" Nikamwambia si mambo ya haramu, ni adabu ya msiba. Akasema, "Na wewe unacheza gemu kwa hiyo yako kuliko mimi." Ni kweli. Nina miaka arobaini na miwili, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kazi ikiisha nacheza. Nyumbani kwetu Salma na baba yake huketi kwenye kochi na pedi zao wakipigiana kelele za mpira, nami huwa peke yangu mezani, mgongo nimewapa. Wamenitania miaka na miaka kwamba najitenga na watu. Sijawahi kuwapa jibu la maana, kwa sababu jibu liko katika nyumba hii hii tuliyoketi matanga, katika mwaka niliokuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea matokeo, na sina kazi ila kukuna nazi. Kwetu kulikuwa na pleisteshoni ya kaka zangu. Walikuwa watatu, na pedi zilikuwa mbili, moja nzima na moja ambayo kitufe chake kilikwama usipokibonyeza kwa ukucha. Hiyo ya ukucha ndiyo iliyokuwa yangu. Ile gemu ilikaa sebuleni kwa kuwa televisheni ilikuwa sebuleni, na sebule ya nyumba yetu ni mahali pa wanaume. Baba akitaka taarifa ya habari, mchezo umekwisha. Mgeni akibisha hodi chini, mimi husimama na kuingia ndani, pedi naiacha juu ya mkeka, na kaka yangu mmoja humalizia pale nilipofikia. Sikumbuki hata mara moja nimeuona mwisho wa mchezo wowote. Mtaa wa Langoni kulikuwa na chumba cha kuchezea, televisheni nne na viti vya plastiki, lakini msichana wa kwetu hakukanyaga pale, na kusema kweli sikuwahi kutamani, kwa sababu kelele zake nilikuwa nazo nyumbani bure. Nilidhani kucheza ni hivyo tu, kwamba unashika kitu mpaka mwenyewe akitake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka, kaskazi ikiwa kali, Bwana Salim, mume wa Shangazi Rukia, alianguka akitawadha na hakuinuka. Alikuwa mtu wa kuandikia watu barua: maombi ya kazi, malalamiko ya mashamba, wosia. Asubuhi aliketi dakani, penye kibaraza cha mlango wa chini, na daftari lake, akisikiliza shida za watu na kuandika kwa kalamu, na baada ya alasiri alipanda juu kuzichapa. Kompyuta aliiweka chumba cha ndani kabisa, chini ya vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kale, kwa kuogopa vumbi na mkono wa mtu. Hawakuwa na watoto. Hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alilisema Shangazi akiwa hayupo: Bi Rukia hakuzaa. Mwanamke aliye katika eda halazwi peke yake, kwa hiyo usiku wa tatu mama alinifungia nguo zangu na kuniambia nikae kwa shangazi yangu, nimtunze miezi minne na siku kumi, mpaka atoke. Nilifurahi kidogo moyoni kuondoka kwenye kelele za kaka zangu, na furaha hiyo nimeijutia.

Nyumba ya msiba ilinyamazishwa siku ile ile ya kwanza. Redio iliondolewa betri. Televisheni ilifunikwa leso. Kaka yangu mkubwa, ambaye moyo wake ni mzuri ila akili haiendi mbali, alitaka kumletea Shangazi pleisteshoni ili apoteze mawazo, na akafukuzwa mlangoni kama aliyeleta ngoma. Lakini kompyuta haikufunikwa. Bi Maimuna, jirani aliyejipa uongozi wa matanga, aliikagua, akaipapasa kwa kidole na kutoa hukumu kwamba ile ya Salim ni ya kazi, ni kama mashine ya kuchapa, haina nyimbo. Wakongwe wote wakakubali. Wakaketi mbele yake siku saba wakisoma Yasini, msahafu mmoja umewekwa juu ya kibodi, na hakuna aliyejua kwamba ndani ya kile chombo mlikuwa na mchezo mkubwa kuliko yote iliyokuwa Langoni. Hata mimi sikujua.

Shangazi alikuwa akikaa juu ya kitanda cha kamba katika nguo zake nyeupe, bila wanja, bila asumini, na hakuwa akila. Chakula kilikuwa kingi mpaka kikaoza, maana majirani walishindana kuleta sinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa mofa, tambi za sukari. Alimega kidogo kwa heshima ya mletaji, akaliacha tonge mkononi mpaka likakauka. Mwanzo nilidhani ni huzuni ya kawaida. Kisha nikawasikia wanawake jikoni. Nilikuwa darini naanika nguo, na moshi na maneno hupanda pamoja. Mmoja alikuwa akiuliza, hivi yule Salim alikuwa akienda Siyu kila mwezi kufanya nini? Bi Maimuna akajibu kwamba mwanamume asiye na mtoto, mke wake ashapita miaka arobaini, haendi Siyu kutazama ngome. Yuko mwanamke kule. Na ile mashine aliyojifungia nayo kila alasiri akitabasamu peke yake, si ya barua tu. Wakacheka kwa chini. Nilipoteremka nilimkuta Shangazi ameketi vile vile, uso ukutani, na nikaelewa kwamba kama mimi nimesikia kutoka darini, yeye aliyekuwa karibu na ngazi amesikia siku zote.

Siku ya khitma ya wiki ya pili alikuja mwalimu wangu wa kompyuta, Mwalimu Mutua, mtu wa Kitui aliyekuwa amezoeana sana na marehemu. Alisimama chini kwa adabu, hakutaka kupanda, akanipa pole kwa kile Kiswahili chake cha shuleni. Nilimuuliza kama anajua Bwana Salim alikuwa akifanya nini katika kompyuta. Akatabasamu kwa huzuni, akasema yeye ndiye aliyempa gemu ya kujenga mji, na mzee aliishika kuliko wanafunzi wake wote. Mwalimu alishangaa kwamba mzee hakutaka ile ya televisheni. "Aliniambia, Mwalimu, ile ya televisheni unaishi nyumba uliyopangishiwa. Hii naweza kubomoa ukuta, nikatia kidaka changu, nikaandika jina langu mlangoni." Kisha akauliza kama Bi Rukia anajua kusoma. Nikamwambia amesoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu hazimsumbui, lakini hizi nyingine zinampa taabu. Akatikisa kichwa na kusema basi msomee, huenda akapata faraja.

Sikumwambia Shangazi siku ile. Yeye ndiye aliyeanza. Tulikuwa wawili, Bi Maimuna amekwenda kuswali kwake, na Shangazi akaniita niketi karibu naye kitandani. Aliongea polepole, akiikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake. "Watu wanena Salim ana mke Siyu. Yu hai sikumuuliza, na sasa nani wa kumuuliza. Lakini nataka kuyua namkalia nani eda, mume wangu au mume wa watu. Kilichomo katika chombo kile ndicho kitakachonambiya. Wewe wayaweza mambo hayo. Tazama, kisha unisomea. Mato yangu hayaoni herufi hizo." Nikaitika. Akanishika kifundo cha mkono. "Usirushe hata ina moya," alisema, akimaanisha jina.

Kesho yake asubuhi, akiwa amelala, niliiwasha. Barua zilikuwa barua kweli, mamia, za watu wa Kipungani na Pate na kwingineko, wakiomba na kulalamika. Na kando yake ulikuwepo mji. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia ulipofunguka. Kwa gemu za kaka zangu nilikuwa nimezoea barabara za Ulaya na viwanja vya watu wengine. Huu ulikuwa mji wetu. Majengo yalikuwa ya kizungu, hayo hakuweza kuyageuza, lakini kila jengo ukilibofya lilitoa kidirisha chenye jina, na kila jina alikuwa amelifuta na kuandika la kwake: Duka la Mzee Bakari, Kisima cha Nana, Msikiti wa Mtaani, Baraza ya Wambea. Katikati palikuwa na nyumba ya kawaida iliyoandikwa Nyumbani. Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni. Kisha nikasogeza ramani mpaka ukingoni, ng'ambo ya mkono wa maji, mahali palipojaa minazi aliyoipanda mmoja mmoja, na hapo nikaiona nyumba moja iliyo peke yake. Ilikuwa na bustani kubwa kuliko zote. Haikuwa na barabara, na katika gemu ile nyumba isiyo na barabara haina faida, haipati maji wala wakaaji. Ilikaa tu pale, imezungushiwa miti. Nikaibofya. Kidirisha kikatoka: Nyumba ya Mwanasiti.

Nililisoma jina mara ya pili. Mkono wa maji, minazi, mahali pa mbali pasipo na njia ya wazi: nilijiambia ni Siyu hii, na huyu ndiye. Jina la Shangazi halikuwepo popote katika mji ule mzima. Nililitafuta jengo kwa jengo. Lake lilikuwa limeishia katika Nyumbani, kama mtu anavyomwita mkewe watu wa nyumbani. Na huyu wa mbali, nyumba yake ina bustani. Nilimchukia Bwana Salim, Mungu anisamehe, mtu aliyekuwa akinipa peremende kila Ijumaa. Nilimsikia Shangazi akikohoa chumba cha pili, nikalikumbuka lile tonge linalokauka mkononi. Sikufikiri sana baada ya hapo. Nilifuta jina Mwanasiti, herufi kwa herufi, nikaandika Nyumba ya Rukia. Nikaichorea barabara ndefu kutoka mjini mpaka mlangoni, na daraja juu ya maji, ionekane kwamba mwenye mji alikuwa akienda huko mchana mbele ya watu. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuhifadhi juu ya ule wa zamani. Nikasema ndiyo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimecheza na hakuna aliyenipokonya pedi, na hivyo ndivyo nilivyoitumia nafasi hiyo.

Alasiri nilimketisha mbele ya skrini na kumsomea. Alimjua kila mtu. Kwa Baraza ya Wambea alitoa sauti puani, akasema Salim alikuwa na ulimi kumbe. Kwa Kisima cha Nana aliniambia niache kidogo, akakitazama. Kila nilipomaliza jina alitikisa kichwa kama anayehesabu tasbihi, na nilipofika mwisho nikanyamaza, yeye akasema, "Na kando ya mai? Kando ya mai hapana ya mtu?" Swali lile lilinishtua, maana skrini ilikuwa bado mjini na sikuwa nimemwonyesha mkono wa maji. Nikasogeza ramani. Nikamwambia iko moja, kubwa, ina miti. "Ya nani?" Nikasema, "Yako, Shangazi. Nyumba ya Rukia." Aliniuliza kama ndivyo maandishi yasemavyo. Nikasema ndivyo yasemavyo. Machozi yakamtoka bila sauti, na mimi, kwa ujinga wa miaka kumi na saba, nikadhani ni furaha.

Usiku ule alikula. Kipande kizima cha mofa na mgongo wa samaki, akalamba vidole. Kuanzia siku ile tukawa na siri yetu, na nikisema ile ndiyo miezi iliyonifanya niwe nilivyo, sisemi kwa kutia chumvi. Baada ya alasiri tulifunga mlango wa ndani, tukaketi bega kwa bega kwenye kiti kimoja cha mvule, na tukaendesha mji wa marehemu. Yeye alikuwa mwenye amri na mimi mwenye mausi. Mpe mai yule Bakari, alisema, watu wake wafa kwa kiu. Alipojua kwamba majina hubadilika, aliniambia nifute Baraza ya Wambea na kuandika Baraza ya Maimuna, akacheka mpaka akalia, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mwanamke mcheshi aliyekuwa amefunikwa leso kwa muda mrefu kabla ya msiba wowote. Stima ikipotea tulikaa gizani tukipanga barabara za kesho. Bi Maimuna akibisha na kuuliza twafanya nini, nilijibu nachapa barua za marehemu zilizobaki. Hapakuwa na mgeni wa kunisimamisha wala zamu ya mtu mwingine. Kitu kile kilikuwa cha mtu mmoja na kivuli chake, na mle ndani ya kile chumba mwanamke asiyeruhusiwa kutoka mlangoni alikuwa akipita njia zote za mji. Lakini kila siku, kabla hatujazima, aliniambia nirudi kando ya maji. Aliitazama ile nyumba, na uso wake ukarudi ule wa wiki ya kwanza. Nililiona jambo hilo na sikuuliza.

Eda iliisha mwezi wa tano, mvua za masika zikipiga mabati ya majirani. Asubuhi wanawake walimwogesha, wakamvika nguo mpya, zile nyeupe akapewa mwoshaji, udi ukafukizwa vyumba vyote. Siku hiyo hiyo ndugu za Bwana Salim walikuja kuchukua vitu vyake kwa mujibu wa mirathi, na kompyuta ilikuwa miongoni mwa hivyo, ipelekwe Mombasa kwa mmoja wao. Niliisikia ikiteremshwa ngazi, mtu mmoja akimwambia mwenzake ashike chini vizuri. Shangazi alikuwa amekaa kitandani akinukia udi, mikono imelala mapajani. Alisema hakuumia kwa chombo kuondoka. Mji ni wao, wauchukue. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu kutoka humo na hakukipata.

"Nilikuwa nataka kusikia ina moya," alisema. "Nilingoya siku ile ulisome, hukulisoma. Nikasema huenda kesho utaliona mahali. Hukuliona."

Nikamuuliza jina lipi.

"Mwanasiti. Mwana wetu."

Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao walikaa Siyu kwa mama yake Bwana Salim. Alizaa huko mtoto wa kike. Mtoto aliishi siku tano. Alikufa kabla ya siku ya saba, kabla ya kunyolewa na kutangazwa jina, na aliyekufa kabla ya kutangazwa hatajwi. Watu waliambiana mtoto wa Salim, basi, na walipohamia Amu hata hilo hawakuambiana. Jina lake walilijua wawili. Bwana Salim alilichagua na kumnong'oneza yeye tu. Walimzika kando ya mkono wa maji, kwenye minazi, mawe mawili bila maandishi. Miaka yote baadaye hawakulitaja jina lile hata mara moja wao kwa wao, kila mmoja akimwogopea mwenzake. "Nilisema, ikiwa aliandika maina ya watu wote wa mui, hata Bakari, basi atakuwa amemwandika na mwanawe. Kando ya mai. Kumbe kando ya mai aliniweka mimi. Salim alimsahau."

Nilikuwa nimeketi miguuni pake. Safari za Siyu kila mwezi zilinijia zote kwa pamoja, na nyumba isiyo na njia, na minazi iliyopandwa mmoja mmoja. Nilijua kitu ambacho mwanamke yule angetoa macho yake ili akijue, na kilichokuwa kati yake na kukijua kilikuwa ni ulimi wangu. Nilifungua mdomo. Wakati ule ule mama yangu aliingia na sinia ya halua, nyuma yake Bi Maimuna akipiga kigelegele kidogo cha kumtoa mjane, na mdomo wangu ukajifunga. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia nitampata yule ndugu wa Mombasa kwanza, niirudishe ile kompyuta, nimwonyeshe. Nikaja kusikia kwamba ilifutwa kila kitu kabla hata ya kufika dukani kwake. Baada ya hapo sikuwa na cha kuonyesha ila aibu yangu. Nilikwenda chuo, nikaolewa, nikazaa. Kila Idi nilikuja Amu na zawadi, nikambusu mkono, na kila mara nilirudi nayo ile ile. Watu husema kweli huuma; hawasemi kwamba ukiikalia sana huota mizizi. Nilikuwa mwoga, ndilo neno lake.

Wiki tisa kabla hajafa nilikuja peke yangu kumwuguza. Alikuwa amelala chumba kile kile chini ya vidaka, macho yote yamefunga ukungu. Alasiri moja, baada ya kumlisha uji, aliniuliza kama naukumbuka mui wa Salim, ule mji. Nikamwambia naukumbuka nyumba kwa nyumba. Akaniambia nimsomee, basi, kama zamani. Nikafumba macho yangu na mimi, nikaanza: Duka la Mzee Bakari, Kisima cha Nana, Msikiti wa Mtaani. Alitikisa kichwa juu ya mto kwa kila moja. Nilipofika ukingoni nikasema, "Na kando ya maji ni Nyumba ya Mwanasiti."

Kichwa kikaacha kutikisika. Nami nikamwaga yote, kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, haikuwa na njia, ina bustani kubwa kuliko zote, mimi ndiye niliyelifuta jina, nilidhani ni mke. Kwamba Siyu alikuwa akienda kaburini. Nilisema vibaya, nikirudia rudia, nikilia. Alininyoshea mkono, akanitafuta uso kwa vidole.

"Mbona siku zile hukulisoma?"

"Niliogopa, Shangazi."

Alifikiri kidogo. Kisha akatabasamu, tabasamu la kumtuliza mtoto. "Wewe una huruma tangu hapo. Kila siku niliiona njia ile na daraja lile, nikasema huyu kijana ana mkono mwema. Lakini mimi ndimi niliyekutajia ina lake siku ya kutoka eda. Na mambo ya chombo kile nayayua, ulinifundisha mwenyewe, ina hufutwa likatiwa jingine. Salim hakumtia. Wewe ndiwe uliyemtia sasa hivi, nami nakushukuru."

"Wallahi, Shangazi, ni—"

"Usiape," alisema. "Usiape urongo kwa ajili yangu." Akaniomba nimgeuze upande wa pili, apate usingizi.

Nilikaa naye siku nne zaidi na sikulirudia, kwa sababu kila neno ambalo ningeongeza lingekuwa huruma nyingine. Alikufa Jumatano, nami nikiwa njiani kurudi Amu.

Jioni ya siku ile ya pili ya matanga, wanawake walipokwenda kuswali magharibi, Salma alinikuta chumba cha ndani nimefungua kompyuta yangu. Akavuta kiti. Nina mji mmoja ninaoujenga tangu miaka mingi, na gemu yenyewe imebadilika mara nyingi lakini mji naubeba kutoka mashine hadi mashine. Aliutazama bila kunitania, akaniambia kumbe ni mzuri, akachukua mausi na kutembea huku na huku, akibofya majina na kuyasoma kwa sauti. Nilimwacha. Alifika ukingoni, ng'ambo ya maji, akauliza mbona nyumba ile nimeinyima barabara. Nikamwambia haina haja. Akaibofya.

"Mwanasiti ni nani?"

"Mtoto wa Shangazi Rukia."

Salma akageuka kunitazama. "Si watu wote wanasema Bi Rukia hakuzaa?"

"Alizaa," nikamwambia.